Bunduki inasema 130, maranda yanatoka ya bluu: ncha ya kisu ina joto kiasi gani?

*Mimi ni fundi wa lethi hapa Kizota, Dodoma. Kazi yangu kubwa ni shafti za mashine za kukamua alizeti, nazichonga kutoka kwenye ekseli za malori chakavu, kipenyo milimita 50 hivi. Natumia kisu cha haispidi (chuma kinachobaki kigumu hata kikipata moto), mizunguko 320 kwa dakika, fidi (kisu kinavyosogea kila mzunguko) milimita 0.2, kina milimita 2. Kisu kinakufa ndani ya dakika tano au sita, narudi kwenye jiwe kunoa. Nimenunua ile bunduki ya kupimia joto. Nikiilenga kwenye ncha inasoma nyuzi 130. Lakini maranda yanatoka ya bluu, na kijana wangu aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA anasema bluu ni nyuzi 300. Mzee mmoja jirani anasema ncha inapita 600, na kwamba jua la Dodoma ndilo linatumaliza. Nani mkweli? Nipimeje joto la ncha kwa uhakika? Niendelee kumwagia maji, au ninunue kisu cha kabaidi, kile kigumu zaidi?*

Fundi, pole na kazi. Wote watatu wamesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia mahali tofauti. Bunduki inasoma mwili wa kisu na vitu vilivyo jirani yake. Kijana wako anazungumzia maranda yakiwa tayari yametoka. Mzee anazungumzia pale penyewe, ambapo chuma kinachokatwa kinausugua uso wa kisu, sehemu isiyozidi milimita moja au mbili, iliyofunikwa na maranda muda wote. Kwa mwendo unaotumia, mzee ndiye aliye karibu na ukweli. Kwenye jua amekosea, na nitaeleza.

Tuanze na bunduki, maana hela imeshatoka. Kile kidoa chekundu cha leza hakipimi chochote, kinakuonyesha tu umelenga wapi. Kifaa chenyewe kinapokea mionzi ya joto kutoka kwenye duara zima lililo mbele yake. Nyingi za bei nafuu zimeandikwa 12:1, maana yake ukisimama sentimita 30 kutoka kwenye kazi, kifaa kinaona duara la sentimita mbili na nusu. Ndani ya duara hilo kuna kishikio cha kisu, kuna shafti inayozunguka, kuna maranda, na ncha ni chembe tu katikati. Unaletewa wastani wa vyote. Tena bunduki hizi hupangwa kiwandani zikidhani uso unaopimwa unatoa mionzi vizuri, kama rangi nyeusi au ngozi ya mtu. Chuma kinachong'aa hutoa sehemu ndogo sana ya mionzi hiyo, kwa hiyo hata ungeiona ncha peke yake, namba ingekuja chini mno. (Ile ya kupimia homa ya watu usiiguse kabisa kwa kazi hii, imetengenezwa kwa joto la mwili tu.) Usiitupe bunduki yako, itakufaa kupima beringi na mota. Kwa ncha ya kisu, hiyo 130 isahau.

Sasa rangi. Bluu kwenye maranda ni tabaka jembamba la oksaidi linaloota chuma cha moto kikikutana na hewa. Likiwa jembamba sana unaona rangi ya majani makavu, likinenepa linakwenda kahawia, zambarau, halafu bluu. Jedwali alilofundishwa kijana wako linaanza nyuzi 220 hivi kwa rangi ya majani makavu na kufika karibu 300 kwa bluu, na liko sahihi kwa chuma kinachopashwa taratibu na kukaa kwenye joto hilo. Maranda hayakai. Yanatoka, yanaruka, yanapoa ndani ya sekunde chache. Ili tabaka linenepe kufikia bluu kwa muda mfupi hivyo, lazima yalitoka yakiwa na joto zaidi ya hilo la jedwali. Na rangi haianzi pale kwenye ncha, kwa sababu pale maranda yamebana kwenye kisu na hewa haipiti, inaanza yakishaachia. Kwa hiyo bluu inakuhakikishia kwamba ncha iko juu ya 300. Juu kwa kiasi gani, haisemi. Na ukikata chuma cha pua usitumie kabisa macho yaliyozoea ekseli, kwani chenyewe hubadilika rangi kwenye joto la juu zaidi.

Kuna mafundi wanaodhani maranda ya bluu ni dalili mbaya siku zote. Kwa kabaidi, bluu ni kazi ya kawaida tu. Kwa haispidi kwenye chuma kama chako, yatafute meupe au ya rangi ya majani makavu, basi.

Joto lenyewe linatoka wapi? Si ncha peke yake inayochoma. Chuma kikikatwa, kwanza kinakunjwa na kuteleza juu ya chenyewe mbele ya kisu, na hapo ndipo joto kubwa linazaliwa. Pili, maranda yanapopanda juu ya uso wa kisu yanausugua kwa mgandamizo mkali. Tatu, ubavu wa chini wa kisu unasugua shafti, na kadiri kisu kinavyochakaa ndivyo msuguano huo unavyokua. Piga hesabu kwa vipimo vyako. Chuma cha aina ya ekseli, kikiwa kimelainishwa, kinadai takriban newtoni 2,600 kwa kila milimita ya mraba inayokatwa. Fidi 0.2 mara kina 2 ni milimita za mraba 0.4, kwa hiyo ncha inasukumwa kwa newtoni 1,040, kama kilo mia na ushee. Mwendo wako ni 3.14 mara 50 mara 320, gawanya kwa 1,000: mita 50 kwa dakika, au sentimita 83 kwa sekunde. Nguvu mara mwendo inakupa karibu wati 870. Karibu yote inageuka joto. Hiyo ni pasi ya umeme nzima inayowakia kwenye eneo dogo kuliko punje ya mtama.

Sehemu kubwa ya joto hilo inaondoka na maranda, ndiyo maana yanaunguza ngozi. Kisu kinabaki na sehemu ndogo, lakini kisu hakiondoki. Kila maranda yanayopita yanakikuta palepale. Na penye moto zaidi si kwenye ukingo wenyewe. Ni nyuma yake kidogo, juu ya uso ambao maranda yanateleza, kwa sababu yanaendelea kujipasha kadiri yanavyosugua. Chukua kisu kilichokufa, kifute mafuta, kitazame kwa lenzi kwenye mwanga wa dirishani. Ukiona kishimo kama alama ya kucha nyuma ya ukingo, hapo ndipo joto lilikuwa linafanya kazi. Ukiona pua imelala, imeviringika kana kwamba ilikuwa nta, kisu kililainika, hakikuchakaa, kilipikwa. Ukiona ukanda mwembamba unaong'aa chini ya ukingo, ulionyooka sawasawa, huo ni uchakavu wa kawaida na huna kesi.

Makadirio ya namba sasa. Wahandisi hutumia kanuni rahisi ya Nathan Cook wa MIT, Marekani, na ukiwa na kikokotoo cha simu chenye kipeuo cha tatu unaimaliza kwenye benchi. Chukua nishati ya kukata, ambayo kwa chuma chako ni juli 2.6 kwa kila milimita ya ujazo. Igawanye kwa 0.0038, yaani juli zinazohitajika kuipandisha milimita moja ya ujazo ya chuma kwa nyuzi moja. Zidisha kwa 0.4. Unapata karibu 274, iweke pembeni. Halafu chukua mwendo kwa milimita kwa sekunde, kwako 833, zidisha kwa fidi 0.2, gawanya kwa 12, ambayo inawakilisha kasi ya joto kusambaa ndani ya chuma hicho. Inakuja 13.9. Kipeuo chake cha tatu ni 2.4. Zidisha na ile 274 uliyoweka pembeni: 658. Ongeza joto la karakana, tuseme 30. Ncha yako iko karibu nyuzi 690 za sentigredi.

Haispidi huanza kupoteza ugumu wake ikifika kati ya 550 na 600. Una jibu lako hapo. Kisu chako kinafanya kazi kikiwa kimeshavuka mpaka wake.

Sitaki uichukue 690 kama kipimo cha duka la dawa. Kanuni hii inaweza kukosea kwa nyuzi 50, hata 100, kwa sababu hujui ekseli hiyo ni chuma gani hasa na kisu chako kina pembe ipi. Thamani yake iko kwenye kulinganisha. Weka mizunguko 160 badala ya 320, mwendo ushuke hadi mita 25 kwa dakika, urudie hesabu: kipeuo cha tatu kinakuwa 1.9, na ncha inashuka hadi karibu 550. Mwendo umepungua nusu, joto limepungua nyuzi 140, na nyuzi hizo 140 ndizo zinazotenganisha kisu kinachofanya kazi na kisu kinachopikwa.

Angalia pia kitu ambacho hakimo kabisa kwenye hesabu hiyo: kina. Kina kikiongezeka, joto linaongezeka, lakini na urefu wa ukingo unaolipokea unaongezeka, na jotoridi la ncha linabaki karibu palepale. Fidi inapandisha jotoridi kidogo, na mwendo ndio unaopandisha zaidi. Mafundi wengi hufanya kinyume: kisu kikifa wanapunguza kina, wanaacha mizunguko vilevile, kisha wanashangaa kisu kinakufa palepale na kazi inachukua siku nzima. Wewe shusha mizunguko, kisha kama mashine haitetemeki, ongeza kina hadi milimita 3. Kiasi cha chuma unachoondoa kwa dakika hakitapungua sana, na safari za kwenye jiwe zitapungua mno.

Kiasi gani? Frederick Taylor, Mmarekani ambaye pamoja na Maunsel White ndio walioleta haispidi mwishoni mwa karne ya 19, aligundua kwamba umri wa kisu hubadilika kwa ukali sana mwendo ukibadilika. Kwa haispidi, kupunguza mwendo kwa sehemu moja ya tano tu kunaweza kurefusha umri wa kisu karibu mara sita. Ukishuka kutoka mita 50 hadi 40, dakika zako tano zinaweza kuwa nusu saa. Ningekushauri ushuke hadi kati ya 20 na 25.

Kuhusu jua la Dodoma: kati ya asubuhi ya baridi ya Julai na mchana wa Oktoba kuna tofauti ya nyuzi kumi na tano, ishirini. Kwenye 690 hiyo ni chenji. Jua linakuchosha wewe, kisu hakilijui.

Umeuliza kupima kwa uhakika. Maabara zina njia nzuri iliyobuniwa miaka ya 1920: kisu na kazi ni metali mbili tofauti, na zinapogusana kwenye joto huzalisha umeme mdogo sana ambao unaweza kuusoma. Kwa karakana yako ningekukataza. Inabidi utenganishe kisu na mashine kwa plastiki ngumu, upate mguso wa umeme kwenye shafti inayozunguka, ambao mara nyingi umefanywa kwa zebaki, kisha utengeneze jedwali lako mwenyewe kwa kila aina ya kisu na chuma. Zebaki tuiache mbali, imeshawaumiza wachimbaji wetu wa dhahabu vya kutosha.

Unachoweza kufanya ni kununua waya wa kupimia joto, themokapo aina ya K, pamoja na mita inayousoma, uubane chini ya kisu karibu na ncha, au kama ni kisu cha kabaidi kilichochomelewa, utoboe tundu dogo kwenye shina lake chini ya kipande cha kabaidi. Utasoma labda mia na kitu, kwa sababu uko mbali na moto wenyewe. Lakini usomaji huo unapanda na kushuka pamoja na ncha, hivyo ukilinganisha mizunguko miwili utaona tofauti kwa macho. Kabla ya kuuamini, utumbukize kwenye barafu inayoyeyuka, usome 0, kisha kwenye maji yanayochemka. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mita ikikuonyesha 96, iko sawa. Usiilazimishe isome 100.

Njia ya bei rahisi kuliko zote: waya wa risasi wa mafundi redio huanza kuyeyuka kwenye 183, bati safi 232, risasi tupu 327, zinki 420. Kipande kidogo kikiwekwa juu ya kisu milimita tatu nyuma ya ncha kitakuambia kama sehemu hiyo imevuka namba yake. Fungua madirisha, nawa mikono kabla ya kula. Na zima taa ya mashine mara moja: ukiona wekundu hafifu kwenye ncha ndani ya kivuli, hakuna haja ya mita, kisu kimeshakwenda.

Maji sasa. Najua ile chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kifuniko, kila karakana inayo. Kwa haispidi kwenye mwendo wa polepole maji yanasaidia, lakini si kwa kuingia pale kwenye ncha, maana hayaingii; yanapoza mwili wa kisu ili joto lipate pa kukimbilia. Kwenye mita 50 kwa dakika usitegemee yakuokoe. Tumia mafuta ya kuchanganya na maji, sehemu moja kwa ishirini, na yamiminike mfululizo. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvichumvi, yanayakata mafuta hayo na kutuachia utando juu na kutu kwenye reli za mashine, kwa hiyo kinga maji ya mvua, yawe na pipa lake. Unaponoa, usikichovye kisu kwenye maji kikiwa chekundu. Haispidi inapata nyufa ndogo usizoziona, kesho ncha inameguka unalaumu chuma. Gusa jiwe kidogo, kiache kipoe, rudia. Alama ya bluu kutoka kwenye jiwe haiiui haispidi kama inavyoua kisu cha chuma cha kaboni, kinacholainika kuanzia 200 na kitu. Wekundu ndio unaoua.

Kabaidi ni jibu zuri, ila si kwa kila mashine. Kwa mita 100 kwa dakika, hesabu ileile inatoa karibu nyuzi 860, na kabaidi inavumilia hizo bila shida. Lakini hapo shafti yako inazunguka 640 kwa dakika na ncha peke yake inakula zaidi ya wati 1,700. Kama mota yako ni ndogo, mkanda unateleza, au spindo (mhimili unaozungusha kazi) ina uchezaji unaousikia ukiisukuma kwa mkono, kabaidi itameguka vipande kabla haijachakaa. Inahitaji jiwe la kijani la kunolea na barakoa, maana vumbi lake lina kobalti. Na ile chupa ya matone ndiyo adui yake mkubwa: kupashwa na kupozwa kwa vipindi kunaipasua. Ikate kavu, au maji yamiminike bila kukatika. Kama mashine yako ni ya zamani, ningeanza na haispidi yenye kobalti, inakuongezea nyuzi chache za uvumilivu, na mizunguko 160.

Kuna jambo moja ambalo linaweza kupindua yote haya. Ekseli nyingi za malori zimefanywa ngumu kwenye ganda la nje, milimita kadhaa, na zile newtoni 2,600 nilizotumia hazilihusu ganda hilo. Kabla ya kufunga kipande kwenye chaki ya mashine, ile inayokibana, pitisha tupa mpya juu yake. Ikiuma, endelea na ushauri wangu. Ikiteleza kama juu ya kioo, haispidi haitakifaa kwa mwendo wowote. Mafundi hukipasha hadi chekundu na kukizika kwenye majivu makavu usiku kucha kilainike, na inafanya kazi, lakini shafti ya kukamulia inayozunguka kwenye makapi ya alizeti itachakaa mapema ikibaki laini. Hapo usibahatishe. Uliza ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, au chuo cha ufundi kilicho karibu nawe ni wapi pana kipimo cha ugumu na mtaalamu wa kupasha vyuma, au panda treni uwaone TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, Dar es Salaam. Ukiwa umeshuka hadi mita 20 kwa dakika, tupa inauma, na bado kisu kinakufa ndani ya dakika kumi, nenda vilevile. Beba kipande cha hiyo ekseli, kisu kilichokufa kabla hujakinoa, na karatasi yenye mizunguko, fidi na kina ulivyotumia.